Kinachoonekana na Kinachobebwa: Utangulizi wa Jenetiki ya Chatu-mpira

Ukiingia kwenye maonyesho ya wanyama watambaao ya Tinley Park, Illinois, au yale ya Hamm nchini Ujerumani, utakuta meza zimejaa visanduku vya plastiki angavu, kila kimoja na nyoka mmoja ndani, na juu ya kifuniko kikaratasi chenye maandishi kama haya: "1.0 Pastel, heti Clown, 66% heti Piebald." Chini yake, bei. Mgeni husoma, humtazama nyoka, husoma tena. Kisanduku cha pili yake kina nyoka anayefanana na huyu kwa kila kitu, na bei yake ni robo. Mgeni huondoka akiamini kwamba kuna elimu nzito hapa ambayo yeye hana.

Elimu ipo, lakini si nzito kiasi hicho. Kila neno kwenye kikaratasi kile lina maana iliyo wazi, na anayejua hesabu za sehemu alizofundishwa shule ya msingi anaweza kulifikia. Ninachokuomba ushike tangu sasa ni kimoja: kila istilahi ya fani hii inajibu ama swali la "nyoka huyu anaonekanaje?" ama swali la "nyoka huyu amebeba nini?" Karibu kila mkanganyiko nitakaoutaja hapa chini unatokana na mtu kuuliza swali moja akajibiwa lingine.

Nyoka wetu ni chatu-mpira, ambaye wanasayansi humwita Python regius. Ni chatu mdogo wa savana za Afrika Magharibi na ya Kati, kuanzia Senegali hadi Sudan Kusini na pembe ya kaskazini-magharibi ya Uganda. Jike mkubwa hufikia kama mita moja na nusu, na wengi hawafiki hapo. Usimchanganye na chatu wetu wakubwa wa Afrika Mashariki wanaomeza swala. Akitishwa hujikunja akawa duara, kichwa akakificha katikati. Upole huo ndio uliompeleka majumbani mwa watu wa Ulaya na Marekani, na kwa miongo mingi Ghana, Togo na Benin zimekuwa zikisafirisha makinda wake kwa maelfu, chini ya usimamizi wa mkataba wa CITES. Kwa msomaji wa Kenya au Tanzania niseme mapema kwamba hapa kwetu wanyamapori wanalindwa na sheria, ya mwaka 2013 kwa Kenya na ya 2009 kwa Tanzania, na kumchukua chatu porini ukamfuge bila kibali ni kosa. Kujifunza urithi wake hakuhitaji kibali.

Istilahi ya kwanza ni mofu. Mofu ni rangi au mchoro wa ngozi unaotofautiana na ule wa porini, na ambao umethibitishwa kuwa unarithiwa. Sehemu ya pili ya maana hiyo ndiyo wageni huisahau. Chatu-mpira wa kawaida ni wa kahawia iliyokolea, karibu nyeusi, mwenye mabaka ya rangi ya dhahabu iliyofifia ubavuni. Mara mojamoja hutokea mmoja wa manjano, au mwenye sehemu nyeupe pe, au asiye na mchoro kabisa. Huenda jeni zake ndizo tofauti. Huenda pia yai lake lilipata joto lisilofaa kabla ya kuanguliwa, maana joto peke yake laweza kuvuruga mchoro. Macho hayawezi kuamua. Njia ya kujua ni kumpandisha, kungoja, kuwapandisha na watoto wake, na kuona kama rangi ile inarudi. Wafugaji huiita kazi hii kuthibitisha, na kwa kuwa jike huchukua miaka miwili, mitatu au zaidi kukomaa, haimfai mtu mwenye pupa. Ualbino wa chatu-mpira ulithibitishwa mwaka 1992, pale mfugaji wa Marekani Bob Clark alipoangua makinda wa kwanza wenye ualbino waliozaliwa kizuizini. Piebald, yule mwenye sehemu za mwili zisizo na rangi hata kidogo, alithibitishwa mwaka 1997.

Sasa tushuke kwenye msingi, na hapa nakuomba twende taratibu, kwa sababu yote yanayofuata yamesimama juu ya aya hizi chache. Mwaka 1866, Gregor Mendel, mtawa wa mji wa Brno katika nchi ambayo leo ni Cheki, alichapisha matokeo ya majaribio yake juu ya njegere. Aligundua kwamba sifa za wazazi hazichanganyiki kwa watoto zikapotea. Zinapitishwa zikiwa vipande kamili, na kipande kinaweza kujificha kizazi kimoja kikajitokeza kinachofuata. Vipande hivyo leo tunaviita jeni. Jeni ni sehemu ya DNA yenye maelekezo ya kutengeneza kitu fulani mwilini, mara nyingi protini. DNA nayo imefungwa katika nyuzi ziitwazo kromosomu. Chatu-mpira ana kromosomu 36, yaani jozi 18, na katika kila jozi moja imetoka kwa mama na moja kwa baba.

Fikiria doti ya kanga. Doti ni vipande viwili, na mwenye kipande kimoja hasemi ana doti. Nyoka naye jeni zake anazo kwa doti, kipande cha mama na kipande cha baba. Ila vipande vya kanga dukani hufanana, na vya jeni vinaweza kutofautiana. Matoleo tofauti ya jeni moja huitwa aleli. Nyoka ambaye vipande vyake viwili vinafanana ni homozaigasi kwa jeni hiyo. Ambaye vipande vyake vinatofautiana ni heterozaigasi. Wakati wa kuzaa, mzazi hatoi doti nzima. Kila mtoto hupewa kipande kimoja tu, na ni bahati inayochagua kipi.

Jumla ya aleli anazobeba nyoka huitwa jenotaipu, na kile kinachoonekana kwa macho huitwa fenotaipu. Bila shaka umeyatambua maswali yetu mawili yakiwa yamevaa mavazi ya kitaaluma.

Kwa nini basi aleli iweze kujificha? Jibu liko ndani ya seli. Rangi nyeusi na ya kahawia ya nyoka, kama ilivyo kwa ngozi na nywele za binadamu, inatokana na melanini. Kuitengeneza melanini kunahitaji kimeng'enya kiitwacho tairosinesi. Kimeng'enya ni protini inayoharakisha kazi fulani ya kikemia mwilini. Maelekezo ya tairosinesi yamo katika jeni iitwayo TYR. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Eastern Michigan walichunguza ngozi zilizovuliwa na nyoka ambazo wafugaji waliwatumia, wakaonyesha kwamba mofu ya Albino inahusiana na kasoro katika jeni hiyo. Chatu mwenye nakala moja nzima na moja yenye kasoro bado anatengeneza tairosinesi ya kutosha, na melanini inapatikana. Ukimtazama huoni tofauti. Rangi nyeusi hukosekana pale tu nakala zote mbili zinapokuwa na kasoro. Aleli ya namna hii, inayohitaji nakala mbili ili ionekane, huitwa aleli fiche. Ile inayoonekana hata ikiwa nakala moja huitwa aleli tawala.

Nikuonye hapa, maana jina linapotosha. "Tawala" haimaanishi kwamba aleli hiyo imeenea zaidi, wala kwamba polepole itaifuta nyenzake. Inaeleza tu nini kinaonekana zikikutana.

Nyoka mwenye nakala moja ya aleli fiche, anayeonekana wa kawaida lakini amebeba, wafugaji humwita heti, kifupi cha heterozaigasi. "Heti Albino" basi ni chatu mwenye rangi ya porini, mwenye nakala moja ya aleli ya Albino. Sasa unaelewa kwa nini nyoka wawili wanaofanana wanaweza kuuzwa bei mbili tofauti kabisa: mnunuzi halipii rangi anayoiona.

Chukua kalamu. Chora mraba, uugawe vyumba vinne. Juu andika nakala mbili za baba, A na a, ambapo A ni aleli nzima na a ni ile yenye kasoro. Ubavuni andika za mama, nazo A na a, kwa kuwa tunampandisha heti kwa heti. Jaza kila chumba kwa herufi ya juu na ya ubavuni. Utapata AA kimoja, Aa viwili, na aa kimoja. Hili ni jedwali la Punnett, limepewa jina la Reginald Punnett wa Cambridge aliyelibuni mwanzoni mwa karne ya 20. Linasema kila yai lina nafasi moja kati ya nne ya kuwa Albino, mbili kati ya nne ya kuwa heti, na moja kati ya nne ya kutobeba chochote. Lifanyie mazoezi mpaka ulijaze bila kufikiri. Heti kwa wa kawaida: nusu ya watoto ni heti, hakuna Albino. Albino kwa heti: nusu Albino, nusu heti. Albino kwa wa kawaida: wote heti, bila shaka yoyote, na hao ndio huandikwa "100% heti".

Swali ambalo wanafunzi huniuliza karibu kila mara ni hili: "Nimepandisha heti kwa heti, nimepata mayai sita, mbona hakuna Albino hata mmoja? Nimedanganywa?" Huenda hukudanganywa. Jedwali linaeleza nafasi ya kila yai peke yake, na yai la sita halijui matano yaliyotangulia yametoa nini. Nafasi ya yai moja kutokuwa Albino ni robo tatu. Zidisha robo tatu kwa yenyewe mara sita, utapata karibu 0.18. Yaani kati ya mikupuo 100 ya mayai sita, kama 18 itatoka bila Albino hata mmoja. (Mkupuo ni mayai yote anayotaga jike kwa mara moja, kwa chatu-mpira ni kiasi cha manne hadi manane.) Mendel alihesabu njegere kwa maelfu. Mfugaji wa chatu anahesabu mayai kwa vidole, na bahati humchezea zaidi.

Tumefika kwenye asilimia 66, ambayo kwa maoni yangu ndiyo istilahi inayoeleweka vibaya kuliko zote. Rudi kwenye mraba wa heti kwa heti. Mayai yameanguliwa, na Albino wameonekana, kwa hiyo tunawatoa kwenye hesabu. Waliobaki wote wana rangi ya kawaida, na wametoka katika vyumba vitatu: AA, Aa, Aa. Katika hivyo vitatu, viwili ni heti. Theluthi mbili, asilimia 66 na ushei. Kila kinda wa rangi ya kawaida katika uzao huo atauzwa kwa jina la "66% heti", na wa uzao wa heti kwa wa kawaida atauzwa "50% heti".

Lakini nyoka mwenyewe hana theluthi mbili ya kitu chochote. Ama amebeba nakala moja nzima ya aleli ya Albino, ama hakubeba kabisa, na jambo hilo liliamuliwa kabla yai halijatagwa. Asilimia ni kipimo cha ujuzi wetu sisi tunaomtazama. Ndiyo maana inaweza kubadilika bila nyoka kubadilika. Tuseme umenunua jike wa 66% heti Piebald, ukampandisha kwa dume ambaye ni Piebald wa kuonekana. Kama jike amebeba, nusu ya mayai yatatoa Piebald. Anataga sita na hakuna hata mmoja. Kama kweli angekuwa heti, jambo hilo lingetokea mara moja katika 64. Ukiunganisha hilo na theluthi mbili ulizoanza nazo, nafasi kwamba amebeba imeshuka hadi 1 katika 33, kama asilimia 3. Akitoa Piebald mmoja tu, mjadala umekwisha na sasa yeye ni 100%. Siku hizi zipo maabara zinazopima ngozi iliyovuliwa na kukupa jibu kwa baadhi ya mofu bila kungoja mayai.

Hesabu zote hizi zinadhani unamjua baba. Kwa nyoka, usiwe na hakika haraka. Jike anaweza kuhifadhi mbegu za dume kwa muda mrefu, na chatu wa aina kadhaa wamewahi kuzaa bila dume kabisa. Mwaka 2020, katika bustani ya wanyama ya St. Louis, Marekani, chatu-mpira aliyekadiriwa kuwa na umri wa zaidi ya miaka 60 alitaga mayai saba ilhali hakuwa amekaa na dume kwa zaidi ya miaka 15. Mfugaji makini huandika kila upandishaji pamoja na tarehe yake, na daftari hilo lina thamani kuliko maneno ya muuzaji yeyote.

Hebu nikupe fumbo dogo kabla hatujasonga. Unampandisha chatu Albino kwa chatu Lavender Albino. Wote wawili hawana rangi nyeusi. Watoto wote wanatoka wa kawaida kabisa. Kosa liko wapi?

Hakuna kosa. Utafiti uleule wa 2022 ulionyesha kwamba Lavender Albino anahusiana na jeni nyingine, iitwayo OCA2. Melanini hutengenezwa kwa hatua nyingi, na kazi ikikwama katika hatua yoyote matokeo yatafanana. Mtoto wa wazazi hawa hupokea TYR nzima kutoka kwa mmoja na OCA2 nzima kutoka kwa mwingine, na rangi inarudi. Yeye ni heti mara mbili. Fenotaipu mbili zinazofanana, jenotaipu mbili zisizohusiana. OCA2, kwa taarifa yako, ndiyo pia chanzo kikuu cha ualbino kwa binadamu katika Afrika kusini mwa Sahara, Tanzania ikiwamo. Na mwaka 2015 watafiti wa Geneva waliikuta ikiwa na kasoro katika nyoka-mahindi wasio na rangi nyeusi. Huyu nyoka-mahindi, Pantherophis guttatus, ni nyoka wa kusini-mashariki mwa Marekani, na historia yake ya ufugaji ni ndefu kuliko ya chatu-mpira: daktari wa ngozi Bernard Bechtel alishaonyesha urithi wa rangi hiyo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Nyoka-mahindi anatufaa kuelewa aleli fiche mbili zikikutana. Amel hana nyeusi; Anery hana nyekundu. Ukiwapandisha, watoto wote ni wa kawaida, heti mara mbili. Ukiwapandisha watoto hao wao kwa wao, chora mraba wa vyumba 16: tisa wa kawaida, watatu Amel, watatu Anery, na mmoja asiye na nyeusi wala nyekundu, mweupe mwenye uwaridi, aitwaye Snow. Nyoka-mahindi hutaga mayai mengi, kwa hiyo kumpata huyo mmoja si jambo la ajabu. Mwenye chatu-mpira wa mayai sita anayetafuta mmoja katika 16 anahitaji subira, au ahakikishe angalau mzazi mmoja anaonyesha sifa hizo waziwazi.

Si kila aleli inatulia katika makundi mawili ya fiche na tawala. Pastel, mofu maarufu sana ya chatu-mpira, akiwa na nakala moja huwa na manjano iliyong'aa na nyeusi iliyofifia. Akiwa na nakala mbili, manjano huzidi na mchoro hupauka zaidi, na huitwa Supa Pastel. Hali hii, ambapo nakala moja inaonekana na nakala mbili zinaonekana kwa namna nyingine, ni utawala usiokamilika. Supa basi ni jina la homozaigasi wa aleli ya namna hii. Pastel kwa Pastel hutoa robo Supa, nusu Pastel, robo wa kawaida. Supa kwa wa kawaida hutoa Pastel watupu. Sokoni utasikia wakiuita kodominanti. Kisayansi neno hilo ni la jambo lingine, pale aleli mbili zinapoonekana zote kikamilifu kwa wakati mmoja, kama damu ya kundi AB kwa binadamu. Sikushauri ubishane na muuzaji kwa ajili hiyo. Elewa tu anachokusudia.

Kuna familia za aleli pia. Lesser na Mojave ni mofu mbili za kahawia nyepesi. Lesser kwa Lesser hutoa, katika robo ya mayai, chatu mweupe mwenye macho ya buluu. Mojave kwa Mojave hutoa mweupe mwenye kichwa cha kijivu. Na Lesser kwa Mojave? Naye hutoa mweupe mwenye macho ya buluu. Linganisha na fumbo letu la ualbino: pale mofu zilifanana zikawa za jeni tofauti, hapa zinatofautiana lakini ni matoleo ya jeni moja, ndiyo maana zikikutana hakuna nakala nzima iliyobaki ya kurudisha rangi ya porini.

Sasa unaweza kukisoma kikaratasi cha Tinley Park. Namba "1.0" ni jinsia: madume huandikwa kabla ya nukta, majike baada yake, kwa hiyo 1.0 ni dume mmoja na 1.2 ni dume mmoja na majike wawili. Wasiojulikana jinsia huwekwa baada ya nukta ya pili. Pastel ni kinachoonekana, nakala moja. Heti Clown, yaani nakala moja ya mofu fiche iitwayo Clown, ni kinachobebwa, kwa hakika. 66% heti Piebald ni kinachowezekana. Nyoka wa pili yake, wa bei ya robo, alikuwa Pastel basi.

Kabla ya sehemu ya mwisho, lazima niseme habari za Spider, kwa sababu biashara ina tabia ya kuipitia haraka. Spider ni mofu ya aleli tawala iliyothibitishwa mwaka 1999, yenye mistari myembamba ya kupendeza sana. Inakuja na ugonjwa. Chatu wa Spider huyumba kichwa, hukizungusha, wengine hugeuka chali na kushindwa kulenga chakula. Kwa miaka mingi tuliambiwa ni tatizo la baadhi ya uzao na kwamba ufugaji mzuri ungeliondoa. Haukuliondoa. Mwaka 2022 Matthias Starck na wenzake nchini Ujerumani walichunguza vichwa vya nyoka hawa kwa picha za CT, wakakuta kiungo cha usawa ndani ya sikio kimeumbika vibaya. Rangi na ugonjwa vinakwenda pamoja. Na Supa Spider hajawahi kuthibitishwa. Inaelekea nakala mbili huua kiinitete ndani ya yai. Maoni yangu ni kwamba mofu hii isizalishwe tena, na sioni haja ya kuyalainisha. Kwa msomaji mpya, liwe jambo la kuuliza kila mara: jeni hii inafanya nini kingine mwilini, mbali na rangi? Champagne naye huyumba. Caramel Albino hujulikana kwa kupinda uti wa mgongo. Haya hayaandikwi pamoja na bei.

Nimeiacha mwisho sehemu ninayoipenda kuliko zote. Kwa muda mrefu vitabu vilisema nyoka wote huamua jinsia kwa mfumo wa ZW, ambapo jike ndiye mwenye kromosomu mbili tofauti. Wafugaji wa mofu ya Banana, chatu wa manjano mwenye vidoa vyeusi, walikuwa wakiona kitu kisicholingana na vitabu. Madume fulani wa Banana walizaa Banana ambao karibu wote ni madume. Madume wengine walizaa Banana ambao karibu wote ni majike. Wafugaji waliwaita "watengeneza madume" na "watengeneza majike", wakaendelea na kazi zao. Mwaka 2017 Tony Gamble na wenzake walichapisha ushahidi kwamba chatu na boa fulani hutumia mfumo wa XY, kama binadamu: dume ni XY, jike ni XX. Mara moja kila kitu kikaeleweka, kwa kuwa jeni ya Banana imekaa kwenye kromosomu za jinsia. Dume aliyeirithi kwa baba yake anayo kwenye Y, na Y huenda kwa wana wa kiume. Aliyeirithi kwa mama yake anayo kwenye X, na X yake huenda kwa mabinti. "Karibu wote" niliyosema ni kwa sababu mara chache X na Y hubadilishana vipande wakati mbegu zinatengenezwa, na Banana mmoja huvuka upande wa pili. Jike wa Banana, mwenye X mbili, huigawa sawa kwa watoto wa jinsia zote.

Jaribu hili mwenyewe. Una dume wa Banana, heti Albino. Mama yake alikuwa Banana, baba yake hakuwa. Unampandisha kwa jike Albino, asiye Banana. Jike anataga mayai manane. Utarajie wangapi wawe Banana na Albino kwa pamoja, na wa jinsia gani? Fanya sifa moja kwanza. Albino kwa heti: nusu. Kisha Banana kutoka kwa mzazi mwenye nakala moja: nusu. Nusu ya nusu ni robo, kwa hiyo wawili kwa wastani, ingawa mkupuo huu waweza kukupa wanne au ukunyime wote. Na kwa kuwa dume wako aliipata Banana kwa mama yake, hao wawili, kama hakuna kipande kilichovuka, watakuwa majike.